MAMA ASILAUMIWE KWA MDOMO WA MTOTO

Liko jambo moja ambalo wengi wetu tumelikuta katika ukoo au katika ujirani, wala hatulizungumzi ila kwa kunong'ona. Nalo ni kuzaliwa kwa mtoto ambaye mdomo wake wa juu umepasuka, au kaakaa lake limeachana, au vyote viwili pamoja. Watu wa kwetu humwita mtoto huyo mwenye mdomo wa sungura. Siku anapozaliwa, badala ya vigelegele hutanda kimya, na kimya kile kikiisha, aghalabu hufuatwa na swali moja tu: "Kwani mama yake alifanya nini?"

Leo twapenda kulijibu swali hilo waziwazi, kwa kuwa limevunja ndoa nyingi na kuwafukia watoto ambao wangeweza kuishi. Jibu letu ni kwamba mama hakufanya neno. Wala hatusemi hivyo kwa huruma tu. Twasema hivyo kwa sababu wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda wa miaka themanini na zaidi, na yale waliyoyaona yanatosha kuwanyamazisha wenye midomo mirefu.

Majibu yanayotolewa mitaani ni mengi. Wako wasemao kwamba mama alimcheka kilema alipokuwa mjamzito. Wako wasemao alishika kisu siku mwezi ulipopatwa. Wengine husema karogwa, au kalaaniwa na wazee. Na walio wakali zaidi husema kwamba mtoto yule si wa mumewe. Tusidhani kuwa fikira za namna hii ni zetu peke yetu. Katika nchi za Ulaya ya kaskazini watu waliamini kwa karne nyingi kwamba mjamzito akikutana na sungura njiani, mtoto wake atazaliwa na mdomo kama wa mnyama yule. Huko Mexico wako watu ambao hata sasa huogopa kupatwa kwa mwezi kwa sababu hiyo hiyo. Dunia nzima imemtafuta mkosaji, na karibu kila mahali kidole kimemwelekea mwanamke.

Watoto hawa si wachache. Kwa hesabu ya ulimwengu mzima, mtoto mmoja hivi katika kila watoto 700 huzaliwa na hali hii. Katika nchi za Asia ya mashariki, na miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani, huonekana kwa wingi zaidi; kwa watu wa asili ya Afrika huwa wachache zaidi, na mara nyingi husemwa ni mmoja hivi katika kila watoto 2,500. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa nyumbani na kufa nyumbani haingii katika daftari la mtu yeyote. Basi hesabu yetu tuisome kwa uangalifu.

Ili tufahamu mpasuko huu watoka wapi, yafaa kwanza tujue jinsi uso wa mwanadamu unavyoumbika. Msomaji na aguse kijifereji kilichopo kati ya pua yake na mdomo wake wa juu. Kuta mbili za kijifereji kile ni alama ya mahali ambapo uso wake uliungana alipokuwa tumboni. Kila mmoja wetu, awe fundi au karani, mkulima au waziri, alianza maisha yake akiwa na uso uliokuwa vipande vipande. Kipande cha katikati hushuka kutoka upande wa pua, na vipande viwili vya mashavu huja kutoka kulia na kushoto, mpaka vikakutana na kushikamana kuwa mdomo mmoja. Kazi hiyo hufanyika kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba. Kaakaa nalo hufuata baadaye. Kuta zake mbili huanza kwa kuning'inia chini, moja kila upande wa ulimi. Kisha ulimi hushuka, kuta zikainuka na kulala sawasawa kama vipande viwili vya dari, zikakutana katikati na kuungana. Kazi hii huanza yapata wiki ya sita, na kufikia wiki ya kumi na mbili huwa imekwisha.

Vipande vya mdomo visipokutana kwa wakati wake, mdomo hubaki wazi. Kuta za kaakaa zisipokutana, dari hubaki na ufa. Hapana kilichokatwa, hapana kilichochanwa, wala hapana kilicholiwa na jini. Ni viungo ambavyo havikuwahi kuungana.

Sasa msomaji na apime mwenyewe. Madhali mdomo hufungika kabla wiki ya saba haijaisha, mwanamke aliyemcheka kilema katika mwezi wa tano, au aliyeshika kisu katika mwezi wa saba, angewezaje kuupasua? Mdomo wa mtoto wake, mzima au uliopasuka, ulikuwa umekwisha kuumbika zamani. Na katika wiki zile za kwanza, wanawake wengi hawajui bado kama wamepata mimba. Twamhukumu mama kwa siku ambazo yeye mwenyewe hakuwa na habari nazo.

Basi ni nini kinachovichelewesha vipande hivyo? Hapa ndipo twaingia katika elimu ya jeni. Katika kila chembe ya mwili wa mwanadamu mna maandishi madogo mno ambayo huuelekeza mwili namna ya kujijenga, na kila fungu la maandishi hayo lenye kazi yake huitwa jeni. Mtoto huyapokea maandishi hayo nusu kwa baba na nusu kwa mama. Neno hili tulishike vizuri, maana litatufaa baadaye: nusu kwa baba, na nusu kwa mama.

Mtu aliyefungua njia kubwa katika jambo hili ni mpasuaji wa Denmark aliyeitwa Poul Fogh-Andersen. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha uchunguzi wake juu ya mamia ya wagonjwa wa nchi yake, baada ya kuzifuata nasaba zao. Aliona kwamba hali hii hurudia katika koo fulani kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati tu. Tena aliona jambo ambalo hapo kwanza lilichanganywa: ukoo wenye watu waliopasuka mdomo, pamoja na kaakaa au bila kaakaa, si sawa na ukoo wenye watu waliopasuka kaakaa peke yake. Kwa hiyo ni hali mbili, kila moja na asili yake. Wataalamu waliokuja nyuma waliithibitisha tofauti hiyo, hata kwa jinsia ya watoto: mpasuko wa mdomo huwapata zaidi wavulana, na mpasuko wa kaakaa peke yake huwapata zaidi wasichana.

Lakini kama jeni zingekuwa na neno la mwisho, mapacha waliotoka katika yai moja, ambao jeni zao ni karibu sawa kabisa, wangepatwa wote wawili au wasipatwe wote wawili. Haiko hivyo. Pacha mmoja akiwa na mpasuko, mwenzake huwa nao kwa kadiri ya mara 40 hadi 60 katika 100. Kwa mapacha wa mayai mawili, ambao hufanana kwa jeni kama ndugu wengine tu, ni mara 3 hadi 5 katika 100. Tofauti hii kubwa yaonyesha nguvu za jeni. Na zile mara nyingine ambapo pacha wa pili huzaliwa mzima zaonyesha kwamba jeni hazitendi kazi peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Canada, Clarke Fraser, pamoja na wenziwe wa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, waliliona jambo hili kwa macho. Waliwapa panya wenye mimba dawa iitwayo kotisoni. Katika nasaba moja ya panya, karibu watoto wote walizaliwa na kaakaa lililopasuka. Katika nasaba nyingine, kwa dawa ile ile, aliyepatwa ni kama mmoja tu katika watano. Sababu ilikuja kuonekana. Katika nasaba ile ya kwanza, hata pasipo dawa, kuta za kaakaa huinuka kwa kuchelewa. Ni kama mtu ambaye kila siku hufika kivukoni pantoni ikiwa karibu kung'oa nanga. Siku zote huiwahi; lakini siku akicheleweshwa dakika mbili tu, huachwa. Jirani yake ambaye huwahi mapema akicheleweshwa dakika zile zile mbili, huvuka bila taabu.

Hiyo ndiyo habari ya watoto wetu walio wengi. Haba na haba hujaza kibaba. Jeni moja yachangia kidogo, nyingine kidogo, na hali ya mwili au ya mazingira yaongeza kidogo. Kila moja peke yake haina madhara ya kuonekana. Zikikutana zote katika mimba moja, kibaba hujaa na kumwagika. Baba na mama huenda ni wazima kabisa, na mababu zao vile vile, ilhali kila mmoja alikuwa amebeba haba yake asiijue. Ndiyo maana mtu asimame mbele ya mkewe na kusema, "Katika ukoo wetu jambo hili halipo," si hoja. Haba ilikuwepo kwake pia.

Ziko, hata hivyo, koo chache ambamo jeni moja tu yatosha. Mwaka 1954 daktari mwanamke aitwaye Anne Van der Woude aliandika habari za familia ambazo watu wake walikuwa na vishimo vidogo katika mdomo wa chini, na miongoni mwao wakazaliwa watoto wenye mpasuko. Hali hiyo ikaitwa kwa jina lake. Mzazi mwenye jeni hiyo huweza kumrithisha kila mtoto wake kwa bahati ya nusu kwa nusu, ingawa mtoto mmoja atapata vishimo tu, na mwingine mpasuko mkubwa. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 2002, nayo huitwa IRF6. Moja katika nyenzo zilizowasaidia wachunguzi ilikuwa jozi ya mapacha wa yai moja, mmoja ana hali hiyo na mwingine mzima. Walipozilinganisha jeni zao, waliona kosa katika IRF6 ya yule mgonjwa, ambalo kwa nduguye halikuwemo. Yaani kosa lile lilizuka jipya ndani ya mtoto mwenyewe, baada ya mimba kutungwa. Twauliza: hapo mlaumiwa ni nani?

Miaka miwili baadaye, mwaka 2004, ilionekana kwamba jeni hiyo hiyo, kwa tofauti zake ndogo ndogo ambazo si ugonjwa, ni mojawapo ya zile haba zinazojaza kibaba hata kwa watoto wasio na vishimo. Mwaka 2009 wachunguzi wa Ujerumani wakaonyesha sehemu nyingine ya hatari katika kromosomu ya nane, na tangu hapo sehemu nyingi zimegunduliwa.

Kasoro moja ilibaki. Vipimo vile vya kwanza vilichukuliwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Asia, na Mwafrika akawa hayumo. Kasoro hii imeanza kuondolewa na Waafrika wenyewe. Azeez Butali, mtaalamu mzaliwa wa Nigeria afundishaye katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, ameshirikiana na madaktari wa Nigeria, Ghana na Ethiopia kukusanya vipimo vya familia za huku kwetu. Mwaka 2014 walitangaza makosa mapya ya IRF6 katika familia za Afrika kusini ya Sahara. Mwaka 2019 wakatoa uchunguzi wa jeni za watu zaidi ya 3,000 wa nchi hizo tatu, wenye mpasuko na wasio nao, na wakaziona sehemu mpya zinazohusu mpasuko wa kaakaa ambazo uchunguzi wa ng'ambo haukuwa umezionyesha. Twalisifu jambo hili, kwani dawa na ushauri wa watu wetu haviwezi kusimama juu ya damu ya watu wengine peke yake.

Wazazi huuliza: "Je, tukizaa tena?" Swali hili ni la haki, na lina jibu. Baba na mama walio wazima, wakiwa na mtoto mmoja mwenye mpasuko wa mdomo ambao haukuambatana na kasoro nyingine, bahati ya kumpata mwingine kama yeye ni kama 4 katika 100. Maana yake ni kwamba mara 96 katika 100 mtoto afuataye hana mpasuko. Watoto wakiwa wawili, bahati hiyo hupanda. Zikiwako dalili nyingine, kama vile vishimo katika mdomo wa chini, ugonjwa wa moyo au kasoro ya viungo, daktari hana budi kuitazama familia nzima, kwa maana hapo hesabu ni nyingine.

Yako pia mambo ya mazingira ambayo mtu aweza kuyapunguza. Kuvuta tumbaku wakati wa mimba huongeza hatari. Pombe haifai. Ugonjwa wa sukari uliokuwepo kabla ya mimba yafaa utibiwe vizuri mapema. Baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Lakini mama asiziache kwa shauri lake mwenyewe, bali amwone daktari kabla ya kushika mimba ili apewe zilizo salama zaidi. Kadhalika vidonge vya asidi ya foliki vikinywewa kabla ya mimba na katika miezi ya kwanza huukinga uti wa mgongo wa mtoto, jambo ambalo halina shaka. Juu ya mpasuko wa mdomo ushahidi si wa nguvu kama huo, ila uchunguzi wa Norway wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliotumia kadiri ya kutosha walipungukiwa na hatari hiyo kwa theluthi moja hivi.

Hapa twatoa onyo. Yasije maneno haya yakageuzwa kuwa fimbo mpya ya kumpigia mama yule yule. Wako wanawake wasiovuta wala kunywa, waliokula mboga na kumeza vidonge vyao vyote, na bado wakazaa mtoto mwenye mpasuko. Na wako waliofanya kinyume, wakazaa salama. Kupunguza hatari ni busara. Kumtafutia mkosaji mtoto aliyekwisha zaliwa ni ujinga.

Kwa nini twalishikilia sana jambo la lawama? Kwa sababu lawama huua. Mtoto ambaye kaakaa lake liko wazi hawezi kuvuta ziwa, kwa kuwa pumzi hupita katika ufa. Hunyonya kwa saa nzima, akachoka, akalala na njaa. Mama aliyeaibishwa humficha ndani, asimpeleke kliniki wala asimwulize mtu. Na mtoto hukonda mbele ya macho yake mpaka akafa. Watu husema, "Alikuwa wa kufa yule." La hasha! Aliyemwua ni njaa, na maziwa yalikuwepo. Ingetosha mama kufundishwa kuyakamua maziwa yake katika chombo safi, akamkalisha mtoto wima, akamnywesha polepole kwa kikombe kidogo au kijiko, na kumpima uzito kila mara. Mwenye mpasuko wa mdomo peke yake mara nyingi huweza kunyonya mwenyewe akisaidiwa kidogo.

Mtoto akiongezeka uzito, kazi ya mpasuaji huwa nyepesi. Mdomo hushonwa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi mitatu, na kaakaa kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu, ili mtoto apate kusema vizuri. Namna ya kushona mdomo itumikayo sana duniani ilionyeshwa na mpasuaji wa Marekani, Ralph Millard, katika mkutano wa Stockholm mwaka 1955. Wala msaada hauko mbali nasi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam kwa miaka mingi imekuwa ikiwapasua watoto hawa, na shirika la Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, limekuwa likilipia upasuaji wa namna hii katika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo. Baada ya kushonwa, mtoto wa kaakaa huhitaji kutazamwa masikio yake, kwani huingia maji upesi, na kufundishwa kutamka. Wala mtu mzima ambaye hakushonwa utotoni asikate tamaa. Hata yeye aweza kupasuliwa.

Basi, ndugu zetu, twaona kila mmoja ana sehemu yake. Mume akumbuke ile nusu kwa nusu. Mtoto yule ni wake kwa damu, na pengine haba kubwa ilitoka kwake. Wazee wa ukoo waache kuuliza "Alifanya nini?" na waulize "Amekula?" Mkunga na atazame ndani ya kinywa cha kila mtoto mchanga, maana kaakaa lililopasuka halionekani kwa nje. Msimamizi wa kazi ampe ruhusa mfanyakazi anayempeleka mwanawe hospitali, na wenzake wamchangie nauli. Na viongozi wa mitaa, ambao hujua nyumba iliyo na mtoto aliyefichwa, wabishe hodi kwa upole.

Kila mmoja wetu anayo ile alama chini ya pua, iliyobaki pale uso wake ulipoungana kwa wakati. Hakuna kati yetu aliyeifanyia kazi wala kuilipia. Aliyeipata asijivune, na aliyeikosa asifichwe.